Mkalishe Kwanza, Ndipo Umhukumu: Watoto wa Dutch Hapa Tororo

Mtoto wa sungura wa Dutch huzaliwa bila manyoya, na ukimtazama siku ya kwanza au ya pili tayari unaona atakavyokuwa. Ngozi itakayoota manyoya meusi ni ya kijivu kilichoiva. Itakayoota meupe ni ya waridi. Mpaka kati ya sehemu hizo mbili hautahama tena. Utatanuka pamoja na mwili, lakini ukiwa umepinda leo, utakuwa umepinda hata akifikisha mwaka. Hilo ndilo linalonifanya niipende aina hii kuliko nyingine zote nilizowahi kufuga. Hilo pia ndilo linalowapotosha wengi wanaoanza: wakishaona mabaka mazuri ndani ya sanduku la kuzalia, wanadhani uchaguzi umekwisha.

Haujaisha. Alama hazibadiliki, ila mwili hubadilika kila wiki, na mwili wa sungura hauonekani sawasawa mpaka umkalishe mezani inavyotakiwa. Hata alama zenyewe hudanganya macho sungura akikaa ovyo. Nataka kuandika juu ya huko kumkalisha, kwa sababu wafugaji wenzangu wa huku Tororo na Busia wanakuona kama madoido ya siku ya maonyesho, kitu cha kufanya jaji akikaribia. Mimi nakuona kama kipimo. Bila mkao sahihi hujampima sungura, umemtazama tu.

Uganda, kwa wengi wetu, sungura ni nyama, samadi, na mkojo wa kumwagia bustani. Anayekuja kununua huuliza kilo kwanza. Sungura wa aina ya New Zealand mweupe na California ndio waliojaa mabandani, nao wamestahili, maana hukua haraka. Hata kwenye maonyesho ya kilimo ya Jinja, yanayokusanya wakulima kutoka pembe zote za nchi, maswali niliyoyasikia mbele ya vizimba vya sungura yalikuwa ya uzito na bei. Hapo Dutch huonekana mchezo wa watoto. Akikomaa ana kilo 2 hivi. Viwango vya Marekani humtaka mkubwa awe kati ya kilo 1.6 na 2.5, basi. Kwa mchinjaji, huyo ni hasara.

Lakini wazee wa Dutch walikuwa sungura wa nyama vilevile. Katika miaka ya 1830 sungura wadogo wa eneo la Brabant, walioitwa Petit Brabançon, walikuwa wakipakiwa melini kwenye bandari ya Ostend, Ubelgiji, na kupelekwa Uingereza kuuzwa waliwe. Wako Waingereza waliogundua kwamba baadhi yao wana mabaka yaliyopangika, wakawatoa kwenye kundi la kuchinjwa, wakawazalisha kizazi baada ya kizazi mpaka mabaka yakatulia mahali pake. Waliosimama mbele ya kizimba cha nyama na kuona kitu kingine ndio waliotupa aina hii. Mwenye majike mawili matatu nyuma ya nyumba hapa Tororo anaweza kufanya kazi ileile.

Basi, alama. Ndizo zinazobeba pointi nyingi kwa jaji wa Dutch, Marekani na Uingereza pia.

Usoni kuna mlia mweupe. Huanza ukiwa mpana kwenye pua na mdomo, kisha hupanda ukipungua mpaka unakuwa mwembamba kabisa kati ya masikio. Kulia na kushoto kwake kuna mashavu ya rangi. Yanatakiwa yawe ya duara, yakaribie mizizi ya masharubu bila kuigusa, na yaishie kwenye taya bila kumwagikia kooni. Masikio yawe ya rangi tupu. Nyuma ya masikio, ukosi uwe mweupe safi, rangi isiteremke shingoni. Mstari wa mgongoni, yaani mpaka wa nyeupe ya mbele na rangi ya nyuma, hupita nyuma tu ya mabega na kuuzunguka mwili. Ukimgeuza chali, uukute unaendelea tumboni ukiwa umenyooka, karibu na miguu ya mbele lakini bila kuigusa. Miguu ya nyuma huvaa soksi nyeupe, kuanzia vidoleni hadi kama theluthi ya wayo. Soksi zikatike kwa usawa na zilingane.

Kumpata mmoja mwenye vyote hivyo ni vigumu, hata wazazi wake wakiwa wazuri namna gani. Kinachorithiwa kwa uhakika ni mpangilio kwa jumla. Mahali hasa mpaka utakapoangukia huamuliwa na vinasaba vingi vidogovidogo, na sehemu nyingine ni bahati ya tumboni. Kiinitete kinapokua, chembe zinazotengeneza rangi huanzia eneo la uti wa mgongo na kusafiri kwenda sehemu nyingine za mwili. Zisipofika mahali, manyoya ya hapo huota meupe. Upande mmoja ukipata chembe nyingi kuliko mwingine, soksi moja huwa fupi na nyingine ndefu, au shavu moja hushuka. Kwa hiyo usishangae jike na dume wenye sifa wakizaa tumbo zima lenye kasoro, na usikimbilie kumlaumu aliyekuuzia dume.

Ziko kasoro zinazomtoa sungura nje moja kwa moja: doa la rangi ndani ya nyeupe, doa jeupe ndani ya rangi, madoa ya buluu au nyeupe kwenye jicho, meno ya mbele ya juu yasiyoyafunika ya chini, ukucha uliokosekana. Madoa ya ngozi nayatafuta wakiwa bado uchi. Macho husubiri, hufunguka karibu siku ya kumi, na hapo nawapeleka nje penye mwanga, mmoja mmoja. Meno nayaangalia kila ninapowashika, kwa kuwa yanaweza kuharibika baadaye hata kama mwanzo yalikuwa sawa.

Katika kazi hii mwenzangu ni jirani, mzee aliyestaafu polisi, ambaye mtaa mzima tunamwita Afande. Kiswahili chake ni cha kambini, kimenyooka na hakina maneno ya ziada. Alipoanza kuja bandani swali lake lilikuwa lile la kila mtu.

"Mwalimu, huyu atafika kilo ngapi?"

"Afande, huyu hapimwi kwa kilo."

"Sasa anapimwa kwa nini?"

Nilimkalisha dume mdogo mezani, nikamwonyesha mstari wa mgongoni na soksi. Afande aliinama, akafumba jicho moja, akasema, "Soksi ya kulia imepita mwenzake." Ilikuwa imepita kweli, kwa upana usiofika wa punje ya mchele. Mtu aliyekagua gwaride maisha yake yote huona papo hapo safu isiyonyooka, na tangu siku ile sichagui mtoto wa Dutch bila yeye kupitisha jicho. Jambo la kufurahisha ni kwamba Afande ndiye aliyenisisitizia mkao kuliko kitabu chochote. Askari akisimama amelegea, alisema, huwezi kujua kama ni sare iliyopinda au ni yeye.

Ni kweli tupu kwa sungura. Mruhusu mtoto wa Dutch ajinyooshe, na mstari wa mgongoni utaonekana umerudi nyuma, mwili utaonekana mrefu na bapa. Akijikunja kwa hofu, mstari huo huo huinama kwenda mbele, na mabega mabovu hujificha ndani ya manyoya yaliyokusanyika. Akigeuza shingo, shavu moja linaonekana kubwa kuliko jingine. Nimesikia watu wakibishana juu ya mstari wa sungura kwa muda mrefu, kila mmoja akiwa na hakika, na ugomvi wote ulikuwa juu ya mguu mmoja wa nyuma uliowekwa vibaya.

Meza iwe na kitu kinachoshika. Mimi natumia kipande cha zulia kuukuu; gunia safi lililokazwa kwa misumari pembeni linafaa vilevile. Kwenye ubao mtupu miguu huteleza, mtoto huogopa, na akishaiogopa meza utapoteza wiki nzima kumrudisha. Meza iwe ya kimo cha kiuno chako ili macho yako yashuke usawa wa mgongo wake.

Kumbeba kwenyewe kunahitaji adabu. Mkono mmoja chini ya kifua, mwingine ukibeba makalio, kichwa kikielekea kwapani mwako. Masikio si mpini. Na miguu ya nyuma isiachwe ikining'inia hata kidogo: misuli ya hiyo miguu ina nguvu kuliko mifupa ya kiuno inavyoweza kustahimili, na sungura akipiga teke hewani anaweza kuuvunja uti wake mwenyewe. Watoto wa jirani wakija kucheza, hilo ndilo la kwanza kuwafundisha.

Sasa mkao wenyewe. Muweke akielekea upande wako wa kulia au kushoto, upande wowote uliouzoea, lakini uwe huo huo daima ili macho yako yawe na kitu cha kulinganisha. Funika macho yake kwa kiganja kwa muda mfupi, giza humtuliza. Inua kifua kidogo, kisha shusha miguu ya mbele ikanyage sambamba, vidole vikiwa chini ya usawa wa macho. Halafu nyonga. Panga miguu ya nyuma ili ncha za vidole zilingane na goti, pande zote mbili zikiwa sawa. Pitisha kiganja kutoka mabegani kwenda mkiani mara moja, taratibu, kuyalaza manyoya. Ondoa mikono. Hapo ndipo wengi wanaposhindwa, kwenye kuondoa mikono. Wanaendelea kusukuma na kubana mpaka mtoto anakuwa kifurushi. Ukimsukuma nyonga ndani sana, unamtengenezea nundu ambayo hana. Ukimvuta mbele, unamlaza. Jaji mzoefu huvunja mkao wako na kumkalisha upya, kwa hiyo hila yoyote uliyoifanya inakufa mikononi mwake.

Kichwa kinyanyuke kawaida. Dutch hakai akiwa amesimamisha kifua juu kama sungura wengine wanavyokalishwa, wala hatakiwi kulaza kidevu mezani. Akiwa ametulia, chuchumaa umtazame ubavuni. Mgongo uanze kupanda nyuma ya masikio, ufike kilele juu ya nyonga, kisha uteremke kwa mviringo hadi kwenye shina la mkia, bila kuvunjika popote. Ukiona bonde nyuma ya mabega, mabega ni marefu au dhaifu. Ukiona mwisho wa mgongo umekatika ghafla kwenda chini, nyonga zimekatwa. Tazama kutoka juu: mabega yawe membamba kidogo kuliko nyonga, kidogo tu. Tazama kutoka nyuma: nyonga zijae, zisibanwe chini karibu na mezani.

Kisha fumba macho, utumie mikono. Nasema hivyo kwa dhati. Mabaka ya Dutch yana nguvu mno machoni. Nyeusi na nyeupe zikikutana, jicho haliendi kwingine, na mwili mbaya hupita bila kukaguliwa. Kiganja hakioni rangi. Kipitishe kutoka ukosini hadi mkiani, na vidole vipite mbavuni, uti wa mgongo na mifupa ya nyonga. Mwili mzuri wa Dutch ni mfupi, mnene, umejaa, na unaposhikwa ni mgumu wa nyama, si wa mafuta. Nimewahi kuwaambia vijana wanaojifunza kwangu wafunge kitambaa machoni na kuwapanga ndugu wa tumbo moja kwa mikono pekee, kisha wafungue waone. Mpangilio wa mikono na mpangilio wa macho mara nyingi havilingani, na hapo ndipo mafunzo yanapoanza kuingia.

Lini ufanye hivi? Wakiwa na wiki tatu hivi, wakishaanza kutoka sandukuni, nawaleta mezani kwa muda mfupi, bila hukumu, wazoee zulia na mikono. Kila siku kidogo ni bora kuliko siku moja kwa saa nzima. Karibu na wiki ya nane, wakishaachishwa na tumbo limetulia, nafanya tathmini ya kweli ya kwanza. Baada ya hapo huja kipindi kigumu. Mtoto hurefuka miguu, masikio yanatangulia kichwa, nyonga zinachomoza. Watu huuza wakati huo, na wanauza vibaya. Mimi kipindi hicho naandika tu kwenye daftari na kusubiri, isipokuwa kama kuna kasoro ya kumtoa nje. Chini ya miezi 6 sungura anahesabiwa mdogo na hushindana na wadogo wenzake. Mwili wa mwezi wa tano unaweza kuwa mbali kabisa na ule wa mwezi wa tatu, na katika hao waliochelewa kujaa nimewapata majike yangu bora.

Hali ya mwili nitaigusia kwa ufupi, maana kila mfugaji wa huku anaijua. Kokisidia, ugonjwa wa vimelea vya utumbo unaoenea kwa kinyesi, hupiga watoto walioachishwa, kwa hiyo sakafu ya kizimba iinuliwe ili kinyesi kianguke chini. Majani ya viazi vitamu na kishona nguo yanyauke kivulini kabla ya kuliwa. Lililo la Dutch hasa ni jua. Manyoya meusi yakipigwa na jua la Tororo hugeuka rangi ya kutu mgongoni, na hakuna chakula kitakachoyarudisha mpaka yanyonyoke yaote mengine. Banda liwe na kivuli mchana kutwa. Soksi nyeupe nazo huchukua manjano ya mkojo kizimba kikiwa kichafu, na doa hilo halitoki kwa siku moja. Na joto lenyewe ni hatari. Sungura hatoi jasho, hujipoza hasa kwa masikio. Ukimsafirisha kwenda Mbale au Jinja, panda taksi ya alfajiri, boksi liwe na matundu pande zote, lisikae juu ya injini.

Kupaka rangi ili kuficha doa ni udanganyifu, na viwango vyote vinamwondoa sungura wa namna hiyo. Naona vibaya sana hata kwa anayefanya ili auze tu, kwani mnunuzi anakwenda kuzalisha kile kilichofichwa.

Wale wenye alama mbovu ndio wengi katika kila tumbo. Wengi wao hufaa kwa nyama au kwa mtoto anayetaka wa kucheza naye, na sioni aibu katika hayo. Lakini usimchinje jike mwenye mwili mzuri eti kwa sababu mstari wake umevunjika. Mwili hautolewi na soksi. Jike wa namna hiyo, akipewa dume mwenye alama safi, anaweza kukupa ndani ya tumbo moja kile ambacho wazazi wawili wenye mistari mizuri na migongo mibovu hawatakupa kamwe. Hata alama zenyewe hupatanishwa hivyo: mwenye soksi ndefu kwa mwenye fupi, mwenye mashavu madogo kwa mwenye makubwa. Majike wa Dutch pia ni walezi wazuri. Mara nyingi huwakubali watoto wa jike mwingine, jambo linalosaidia sana New Zealand anapozaa wengi kuliko anavyoweza kuwanyonyesha.

Mimi na Afande tuna ubishi juu ya jike mmoja sasa hivi. Mstari wake wa mgongoni umeruka hatua upande wa kushoto, karibu upana wa kidole, na yeye hataki hata kumtazama. Nilimwomba afumbe macho, ampitishie kiganja. Akampitisha, akanyamaza, akampitisha tena. "Nyonga hizi, mwalimu," akasema, "tumezitafuta muda mrefu." Bado anasema mstari ule ni aibu. Jike huyo atakapofikisha miezi 6 nitampandisha kwa dume mdogo mwenye mgongo wa kawaida lakini mwenye mstari ulionyooka kuliko yote bandani, na watoto wakizaliwa nitawapiga picha siku ya pili, wakiwa bado ngozi tupu, tuone mpaka umeangukia wapi.